Jinsi Mwalimu Wani Alivyopata Wastani

Mwezi wa tano mwaka wa 2008 chuo cha ualimu kilituletea zawadi. Ilikuja kwa miguu saa moja na dakika tano asubuhi, imevaa suti ya michezo ya kijani yenye mistari myeupe, filimbi shingoni, saa ya kupimia mbio mkononi na faili jekundu kwapani. Iliitwa Wani, jina ambalo Wabari, wenyeji wa Juba, humpa mtoto wa kiume wa tatu, na ilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Ilisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, ikagonganisha visigino na kusema kwa sauti ya kuamsha wagonjwa, "Mwalimu mwanafunzi wa elimu ya viungo, nimeripoti."

Hakuna aliyekuwa ameomba ripoti. Tulikuwa tunakunywa chai.

Mimi naitwa Moraa, Mkisii wa Nyamira, mwalimu wa hesabu. Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili Juba, ambako nilikuja kama Wakenya wengine waliosikia kwamba mkataba wa amani umetiwa sahihi na kwamba penye amani pana kazi. Shule ilikuwa mtaa wa Atlabara; jina lake nalihifadhi, maana bado ipo na bado inatafuta wanafunzi. Mwalimu mkuu, Mganda aitwaye Lubega, aliniteua papo hapo niwe mlezi wa Wani kwa kipindi chote cha mazoezi yake. Sababu zake zilikuwa za kitaaluma kabisa: walimu wengine walikuwa wametoka ofisini kabla hajamaliza sentensi. Mara yangu ya mwisho kukimbia nilikuwa nafukuzwa na ng'ombe wa mjomba wangu, na ng'ombe alishinda.

Jambo la kwanza Wani alilonionyesha ni faili jekundu. Ndani yake mlikuwa na kurasa nne zenye kichwa "Falsafa Yangu ya Ualimu". Chuo kilikuwa kimewataka wote waandike. Neno "nidhamu" lilikuwamo mara kumi na moja. Nilihesabu, ndiyo kazi yangu. Neno "mtoto" lilikuwamo mara moja, karibu na methali ya samaki mkunje angali mbichi. Samaki mwenyewe anaonaje, falsafa haikusema.

"Umeandika vizuri," nilimwambia, kwa sababu mwandiko ulikuwa mzuri.

"Asante, Madam. Bila nidhamu hakuna mwili, na bila mwili hakuna taifa."

Nilimwambia chai inapoa.

Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita akiwa na miaka mitano. Alikulia Nakuru, akasomea Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru. Alirudi nyumbani baada ya amani na kukuta nyumbani kunasema Kiarabu cha Juba, lugha ambayo yeye aliisema kama mtalii. Somo lake la kwanza, Jumatatu, aliwauliza watoto wa Darasa la Tano mpira uko wapi. Wakamjibu kwa pamoja, "Ustaz, kura mafi." Ustaz ni mwalimu, mafi ni hakuna. Wani aliposikia kura akadhani wanazungumzia uchaguzi, akaanza kuwaeleza kwamba uchaguzi utakuja, mkataba umesema. Ilibidi mtoto mmoja achore duara hewani na kulipiga teke ndipo aelewe kwamba kura ni mpira. Mpira haukuwapo. Uchaguzi nao haukuwapo, kwa hiyo hakuna aliyekosea.

Uwanja wetu ulikuwa mkubwa kwenye ramani. Nusu yake ilikuwa imezungushiwa utepe mwekundu na watu wa kutegua mabomu, ambao walisema watarudi. Robo nyingine ilikaliwa na kontena ambalo mwenyewe hakujulikana. Robo iliyobaki ilikuwa yetu, pamoja na mfereji ambao mvua ilikuwa imeuchimba katikati bila kutuuliza. Juu ya kipande hicho Wani aliwapanga wanafunzi themanini na wanne. Mdogo wao alikuwa na miaka kumi, mkubwa ishirini na mmoja. Vita vilikuwa vimeichanganya rejista, na amani haikuwa imepata nafasi ya kuipanga upya.

Kwa kuwa mpira haupo, Wani aliamua kujenga taifa moja kwa moja.

"Mguu sawa. Mguu pande. Mguu sawa. Kulia, geuka."

Wadogo waligeuka kulia, wengine kushoto, mmoja akageuka na kurudi darasani kabisa. Lakini mstari wa nyuma kulikuwa na vijana watatu waliogeuka kwa mpigo mmoja, mikono imebana mapajani, macho mbele. Wani alifurahi sana.

"Mnaona hao? Hivyo ndivyo inavyofanywa," aliwaambia wengine. "Ninyi watatu mmefundishwa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Kwa mtu aliyesoma saikolojia ya mtoto mihula miwili, Wani alichukua muda mrefu kuuelewa ule ukimya.

Mmoja wa wale watatu aliitwa Gai. Alikuwa mrefu kiasi kwamba alikaa dawati la nyuma si kwa utundu, bali kwa sababu dawati la mbele halikuwa na nafasi ya magoti yake. Kiswahili alikiokota katika kambi ya Kakuma, alikopitia baada ya kuachiliwa na jeshi. Baada ya amri ya tatu alitoka mstarini polepole, akaenda kukaa akiegemea ukuta wa darasa.

"Wewe. Nani amekuambia ukae?" Wani aliuliza.

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Somo halijaisha."

"Kwangu limeisha."

Wani akampa adhabu ya kuruka kichurachura mara thelathini. Gai hakubishana. Alichutama, akaweka mikono masikioni, akaruka. Alipofika thelathini hakuna aliyemwambia aache, basi akaendelea hadi sitini, taratibu, bila kuhema. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akamsogelea Wani.

"Nimefanya," alisema. "Sasa nikuulize. Kule walikuwa wananifanyia hivi, halafu wananipa ugali. Wewe unanipa nini?"

"Adhabu haina malipo," Wani alisema.

"Sawa. Mimi nilichukuliwa mwaka wa tisini na tisa, nikiwa na miaka kumi na miwili. Nimetoka huko ili nikae kwenye dawati, nijue kuandika barua. Kugeuka kulia, Mwalimu, najua."

Akaenda darasani kungoja kipindi changu. Siku hiyo tulikuwa na hesabu za sehemu, na hakukosa hata swali moja.

Wani alinijia jioni, filimbi ikiwa bado shingoni. "Madam, yule kijana hana heshima."

"Mwaka wa tisini na tisa ulikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Nakuru. Darasa la nane."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa kapteni wa mpira."

"Na yeye?"

Alifungua faili, akalifunga. Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo alibadilika. Lakini watu hawabadiliki kwa swali moja, hasa wakiwa wameshanunua filimbi. Jumatatu iliyofuata alirudia gwaride lile lile, ila akawaruhusu wale vijana watatu kukaa ukutani bila kufanya lolote. Katika daftari lake aliandika kwamba anazingatia mahitaji ya kila mwanafunzi.

Mwezi wa sita shirika moja la misaada lilitukumbuka. Gari jeupe lilileta kasha kubwa lililoandikwa kwamba michezo ni amani. Tulipiga picha nalo kwanza likiwa limefungwa, kisha likiwa linafunguliwa, kisha watoto wakipiga makofi. Ndani mlikuwa na glavu arobaini za besiboli. Gongo halikuwamo. Mpira haukuwamo. Hakuna mtu Juba nzima aliyejua besiboli inachezwaje, isipokuwa labda wale wa gari jeupe, nao walikuwa wameshaondoka. Mwishowe wapishi wa uji walizichukua, wakawa wanaepulia sufuria nazo. Hadi leo sijaona msaada uliotumika vizuri kiasi hicho.

Wani alingoja mpira wa wafadhili wiki moja zaidi, kisha akasalimu amri na kuwaambia watoto walete mifuko ya plastiki na kamba. Wasichana walitengeneza mipira sita kabla hajamaliza kueleza namna ya kuitengeneza. Kisha wakaikabidhi kwa wavulana na kwenda kukaa pembeni, kama walivyokaa kila Jumatatu. Katika rejista ya somo Wani alikuwa na safu maalumu kwa ajili yao. Juu ya safu aliandika "Wavivu", na chini yake majina thelathini na moja. Alinionyesha kwa fahari, maana alijua napenda takwimu.

"Umewauliza kwa nini hawachezi?" nilimwambia.

"Kuuliza nini, Madam? Si wanaonekana?"

Hata hivyo aliuliza. Alimwita Amer, msichana wa miaka kumi na minne aliyelelewa Lokichogio kwa shangazi yake, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayepima umbali. Nilikuwa karibu, nikisahihisha, kwa hiyo nilisikia.

"Amer, kwa nini hutaki kucheza?"

"Nataka, Ustaz."

"Mbona hukai mstarini?"

Amer alitazama gauni lake la shule kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Sare ni hii moja. Michezo ni Jumatatu. Kuna matope. Maji tunanunua, na shangazi anafua Jumamosi tu. Nikija Jumanne na matope, mwalimu wa zamu ananirudisha nyumbani."

Wani aligeuka kunitazama. Mwalimu wa zamu wa Jumanne nilikuwa mimi. Miezi mizima nilikuwa nimesimama langoni nikiwarudisha watoto wachafu, nikijisifu kwa kupenda usafi.

Kesho yake Wani alikuja mezani kwangu na ombi. Alitaka somo la michezo lihamie Ijumaa kipindi cha mwisho, ili sare zikichafuka zisubiri Jumamosi. Ijumaa kipindi cha mwisho kilikuwa changu. Nilimpa, nikamwambia nafanya hivyo kwa mapenzi yangu makubwa kwa elimu ya viungo. Ijumaa ya kwanza wasichana ishirini na wanane kati ya wale wavivu thelathini na mmoja waliingia uwanjani. Amer alikimbia kuuzunguka uwanja, akapita mfereji kwa kuuruka. Wani alimpima kwa saa yake, akaitikisa saa, akamwomba arudie. Alirudia. Saa haikuwa na ubovu.

Usiku ule alifuta neno "Wavivu" kwa wino mweupe. Naye akaanza kusimama darasani mwangu dakika mbili kabla ya kipindi, akiwauliza watoto maswali ambayo hayakuhusu viungo: nani anatembea kutoka wapi, nani amekula. Ungedhani sasa ameokoka. Mimi pia nilidhani.

Mwezi wa saba ulileta mashindano ya shule za mji, yaliyopangwa siku chache kabla ya Siku ya Mashujaa wa kule, tarehe thelathini. Kila shule ingeleta mkimbiaji mmoja kwa kila mbio, wote chini ya miaka kumi na mitano. Lubega alimwita Wani ofisini. Mlango ulikuwa wazi.

"Wani, hii kikombe sisi nataka," alisema Lubega, ambaye Kiswahili chake hakikupoteza muda na ngeli. "Wasichana, weka Amer. Wavulana, mita elfu moja na mia tano, weka Gai."

"Lakini mwalimu mkuu, Gai ana miaka ishirini na mmoja."

"Nani nasema?"

"Yeye mwenyewe."

"Cheti iko?"

"Hakuna cheti."

"Basi hiyo ni maneno tu. Hapa watu yote nazaliwa tarehe moja Januari, mwaka ni wewe tu na kalamu yako." Akasukuma fomu mbele. "Halafu ile ripoti ya chuo mimi ndiyo naandika. Mimi nataka kuandika vizuri."

Wani alisimama na kalamu mkononi kwa muda ambao ningeuita mapambano ya dhamiri, kama haungekuwa mfupi hivyo. Akaandika: Gai, tarehe moja Januari 1994. Akatia sahihi. Mimi mlezi wake nilikuwa pale pale, na ghafla niligundua kwamba madaftari ya Darasa la Sita yanahitaji umakini wangu wote.

Alipompa Gai fomu aweke kidole, Gai aliisoma yote. Kusoma kwake kulikuwa kumeendelea vizuri. "Umenipunguzia miaka saba," alisema. "Ndiyo ile niliyokaa na bunduki. Nilikuwa nikijiuliza itarudi vipi. Kumbe ilikuwa kwenye kalamu yako, Mwalimu."

Wani alicheka, akifikiri ni utani.

Siku ya mashindano jua lilikuwa kali na uwanja bado una madimbwi. Juu ya jukwaa kulikuwa na bango: Watoto Wetu, Amani Yetu. Mgeni wa heshima alisema juu ya watoto kwa dakika hamsini, watoto wakiwa wamepangwa juani, na watatu kati yao wakazimia kwa ajili ya amani. Mbio zilianzishwa kwa kugonganisha mbao mbili. Bastola ilikuwapo, lakini mtu mmoja mwenye busara alikumbuka waliohudhuria wametoka wapi.

Wasichana walianza. Walikuwa wanane, na Amer alikuwa peku. Kushoto kwake alisimama msichana wa chini ya miaka kumi na mitano ambaye, kabla mbao hazijagonganishwa, alimwachisha mtoto ziwa na kumkabidhi mwenzake. Kulia kwake alisimama mwingine mwenye pete ya ndoa. Mzunguko wa kwanza Amer aliongoza, na Darasa la Tano lote likapiga kelele hadi mgeni wa heshima akaamka. Mzunguko wa pili wanawake wale walimfikia. Mmoja akamsukuma kwa kiwiko, wa pili akamkanyaga kidole. Alimaliza wa nane.

Alikuja moja kwa moja kwa Wani, mguu unatoka damu kidogo. Hakuwa analia, jambo ambalo lilifanya iwe vigumu zaidi.

"Ustaz, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Umekimbia vizuri kuliko siku zote."

"Basi kwa nini nimekuwa wa mwisho?"

Jibu Wani alilijua. Wale wanawake walikuwa pale kwa sababu mwalimu wao fulani alikuwa na kalamu. Upande wa pili wa uwanja Gai alikuwa akijinyoosha kwa ajili ya mbio za wavulana, ndevu zimenyolewa, namba tisa kifuani. Katika mbio zile kulikuwa na mvulana mmoja tu aliyeonekana kweli ana miaka kumi na mitatu, na kaptula yake ilikuwa imefungwa kwa kamba.

Wani aliondoka bila kumjibu Amer. Nilimfuata, kwa sababu mara hii sikuwa na madaftari. Alikwenda hadi kwenye meza ya waamuzi, kwa bwana mmoja mnene mwenye beji mbili.

"Nataka kumwondoa mkimbiaji wangu, namba tisa."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ana miaka ishirini na mmoja."

Yule bwana alimtazama kama mtu aliyevua nguo kanisani. "Mwalimu, nikimtoa huyo itabidi niwatoe wengine."

"Ndiyo."

"Nikiwatoa, atakimbia nani?"

"Watoto."

"Watoto hawajasajiliwa." Aliifunga fomu. "Rudi ukakae, Mwalimu. Usituharibie siku ya amani."

Kwa hiyo Wani alijaribu kuwa mkweli, na utaratibu ukakataa. Mtu mwingine angeridhika hapo na kwenda kunywa soda. Wani alivuka uwanja hadi kwa Gai. Sauti zake mbili nilikuwa nazijua, ya gwaride na ya kunung'unika. Hii ilikuwa ya tatu.

"Gai, usikimbie."

Gai aliendelea kujinyoosha. "Hiyo ni amri?"

"Hapana. Ni ombi. Niliandika uongo. Ukikimbia utashinda, nitapata alama nzuri, na yule mdogo pale atadhani ana kasoro miguuni."

Gai alimtazama yule wa kaptula ya kamba. "Ombi naliweza," alisema. Akafungua pini, akakunja namba tisa vizuri mara mbili, akampa Wani, na wote wawili wakaenda kukaa chini kando ya Amer. Wani akamwambia alichokuwa ameandika kwenye fomu. Amer alisikiliza hadi mwisho.

"Basi siku nyingine uandike ukweli," alisema.

Wakimbiaji saba waliondoka. Mshindi alikuwa bwana mmoja mwenye alama mbichi za kiwembe kidevuni. Alipewa kikombe, cheti, na kitabu cha kupaka rangi.

Lubega hakumpigia Wani kelele. Alimpongeza. Alisema, "Wewe nafanya vizuri sana, Mwalimu, Mungu nabariki wewe," na yeyote aliyewahi kufanya kazi na Lubega anajua kwamba hayo ni matusi makubwa. Ripoti aliyoiandikia chuo ilikuwa na mistari miwili: hana ari ya ushindi, anauliza sana. Mimi nami nilitakiwa kuandika yangu. Niliandika kurasa mbili, na nilizisoma tena mara tatu, maana nilikuwa na la kufidia.

Katikati ya mwezi wa nane alikuja mkaguzi kutoka chuoni, Bwana Morris, Mkenya mwenye fomu ya vipengele ishirini na vitano na viatu vya ngozi visivyopatana na mwezi wa nane wa Juba. Ilikuwa Ijumaa, kipindi cha mwisho. Wani alikuwa ameligawa darasa makundi sita, kila kundi na mpira wa plastiki na kamba, na walicheza kati. Wawili wanasimama miisho yote miwili na kurusha mpira, walio katikati wanaukwepa, anayeguswa anatoka. Ni mchezo wa wasichana, wavulana walikuwa wakisema, hadi wasichana walipowatoa wote. Siku hiyo Gai alitolewa kwanza kabisa, na mtoto wa miaka kumi aliyelenga goti lake kwa sababu goti ndilo alilolifikia. Darasa liliangua kicheko. Gai alisimama kidogo, mkono kwenye goti. Kisha naye akacheka, kicheko kikubwa, cha kukohoa, kama mashine iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa.

Morris aliandika muda wote. Mwishoni alimweka Wani kwenye kiti, nikiwapo kama mlezi.

"Sikuona mistari," alisema Morris.

"Haikuwapo, bwana."

"Sikusikia filimbi."

"Mtoto mmoja anaiogopa. Nimeiacha ofisini."

"Kelele zilikuwa nyingi. Lengo la somo lilikuwa nini?"

"Wacheze wote."

Morris alitabasamu kwa huruma. "Hilo si lengo, Mwalimu. Lengo lazima lipimike."

"Nilipima," Wani alisema. "Walio rejistani ni themanini na wanne. Waliocheza ni themanini na wawili."

"Na hao wawili?"

"Mmoja ana malaria. Mwingine, mama yake anajifungua leo, amebaki na wadogo zake. Jumatatu nitampitia."

Morris alitafuta kipengele cha kuandikia hayo. Vyote ishirini na vitano vilikuwa vya mambo mengine. Akampa Wastani, alama ya chini kabisa ambayo mtu anaweza kupata bila kurudia, na ushauri kwamba ajifunze kutumia mamlaka.

Usifikiri Wani alilipokea hilo kama mtakatifu. Alinuna siku mbili. Alikuwa ametaka Vizuri Sana ili amtumie mama yake Nakuru, ambaye hadi wakati huo hakuamini kwamba kuna chuo kinachofundisha watu wazima kuruka. Mwishowe alimpigia simu, akamwambia amefaulu, na mtandao ukamsaidia kwa kukatika kabla hajaulizwa amefaulu vipi. Chuo kiliwataka pia waandike upya falsafa zao baada ya mazoezi. Yake ilikuwa nusu ukurasa, na sentensi ya kwanza ilisema: kabla ya kumwita mtoto mvivu nitauliza ana nguo ngapi. Ilirudishwa na maelezo kwamba ni fupi na si falsafa. Akaongeza aya tatu kuhusu taifa, ikapita.

Amer alimaliza Darasa la Tano, kisha shangazi yake akahamia Yei naye, na sikusikia tena habari zake. Gai alibaki. Mwaka wa 2009 aliniletea barua aliyoiandika mwenyewe kwa mkono, kurasa mbili, akataka nisahihishe makosa. Ilikuwa ya kumwandikia mama yake, ingawa Gai hakujua kama mama yu hai wala aitume wapi. Nilisahihisha makosa manne nikamrudishia.

Wani alipangiwa shule ya Malakia, karibu na soko. Mwisho wa mwaka wa 2010, nilipokuwa nafunga mizigo kurudi Kenya, nilipita kumuaga. Alikuwa amenenepa kidogo, suti ya kijani imepauka, na wanafunzi wake walikuwa wanamfuata nyuma wakimweleza mashtaka. Katikati ya uwanja, ambao haukuwa mkubwa kuliko sebule mbili, kulikuwa na lori la vitunguu kutoka Uganda. Wani alikuwa akizungumza na dereva kwa adabu zote, akimwita mzee, akimwomba asogee. Dereva naye kwa adabu zote alisema atasogea akishapakua, na kupakua hakujaanza, kwa kuwa wapakuaji hawajafika.

Nilikuwa na mikoba ya kwenda kununua, basi nikaaga nikaondoka. Niliporudi saa sita ndiyo kwanza lori lilikuwa likitoka, na somo la michezo lilikuwa limekwisha punde tu kabla yake. Watoto walikuwa wanakunywa maji, wametota jasho.

"Mlifanyaje na lile lori?" nilimuuliza.

"Tulilizunguka," alisema, akaenda kuwatafutia wengine vikombe.